Namna ya Kuandika Historia ya Kijiji cha Bonde la Rufiji na Shule Yake ya Msingi

Anayetaka kuandika historia ya kijiji kilichoko kando ya Mto Rufiji aulize kwanza kijiji hicho kilikuwa wapi, kabla ya kuuliza kilianza lini. Vijiji vingi tunavyoviona leo kwenye miinuko vilikusanywa pale baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali ilipoendesha Operesheni Rufiji na kuwatoa watu bondeni ili waishi katika vijiji vya ujamaa. Mwandishi akishika eneo la sasa peke yake, historia yake itaanzia katikati, kwa kuwa makaburi ya zamani, mashamba ya mlau yanayolimwa maji yakishapungua, na majina ya koo yote yamebaki kule chini. Fuata watu, wala usifuate ramani.

Kazi yenyewe ianzie shuleni, kwa sababu shule ndiyo mahali ambapo mambo ya kijiji yaliandikwa pamoja na tarehe zake tangu mapema. Peleka barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji, kisha umwombe mwalimu mkuu akuonyeshe rejista ya uandikishaji, kitabu cha matukio, kitabu cha wageni na mihtasari ya kamati ya shule. Rejista ndiyo hazina kubwa kuliko zote. Kila mstari unaweza kukupa jina la mtoto, mwaka aliopokelewa, jina la mzazi na mahali alikotoka, na pembeni sababu ya kuondoka kwake. Ukikuta kurasa mbili tatu ambazo neno “amehama” limejirudia chini ya tarehe zinazokaribiana, hapo umeona kijiji kikivunjika au kikiunganishwa, hata kama hakuna aliyekusudia kukuachia habari hiyo. Piga picha ya kila ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, namba ya ukurasa ikionekana, na usiiondoe rejista shuleni hata kwa usiku mmoja.

Usiuamini haraka mwaka ulioandikwa kwenye ubao wa shule. Mara nyingi huo ni mwaka wa kujengwa kwa jengo la sasa au wa kusajiliwa upya, ilhali shule ilikuwa na maisha mengine bondeni, pengine chini ya serikali ya mkoloni, ambapo shule nyingi za vijijini ziliishia darasa la nne na wachache tu wakaendelea katika shule ya kati hadi darasa la nane. Tena, katika Rufiji kusoma na kuandika hakukungoja shule ya serikali: kabla yake palikuwa na chuo cha Kurani, na wazee waliojifunza humo walikuwa wakiandikiana barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Historia ya shule isiyomtaja mwalimu wa chuo ina upungufu, nami ningeirudisha kwa mwandishi wake.

Baada ya nyaraka ndipo uende kwa wazee, ukiwa na rejista kichwani. Usimuulize mzee, “Kijiji kilihama mwaka gani?” kwani atakutajia mwaka aliousikia kwa wengine. Muulize, “Mlipohama, wewe ulikuwa darasa la ngapi?” Mtu anayesema kwamba maji yaliingia nyumbani kwao akiwa darasa la tatu, naye rejista inaonyesha kwamba alipokelewa darasa la kwanza mwaka 1966, amekupa mwaka 1968 bila kuutaja. Ukumbuke tu kwamba wapo waliorudia darasa, hivyo thibitisha kwa watu wawili au watatu waliosoma pamoja. Umri ulioandikwa kwenye rejista za zamani nao uuchukue kwa tahadhari, maana watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kipimo kilichojulikana sana kilikuwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kujaribu kushika sikio la upande wa pili.

Kwa wale ambao hawakusoma, tumia matukio makubwa. Kwa habari walizopokea kutoka kwa wazazi wao, manowari ya Kijerumani Königsberg iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915 ni nguzo nzuri, na kabla yake Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivichochea kwa dawa yake ya maji. Kwa maisha yao wenyewe kuna mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 wakati wa uhuru, kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003 baada ya miaka mingi ya kungoja kivuko pale Ndundu, na mafuriko ya 2024. Zungumza na wanawake peke yao pia. Wao ndio wanaokumbuka nani alilala kwenye dungu shambani akilinda mazao, na ni watoto gani walikosa shule msimu huo. Hayo hayatajwi kwenye kikao cha wanaume.

Mabadiliko ya shule uyahusishe na sera za taifa, lakini kwa kuonyesha yalivyofika kijijini. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, tafuta kwenye rejista idadi ya walioandikishwa inavyoruka, kisha uulize ni nani waliofundisha, kwani walimu wengi wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walijifunza kazi huku wakiwa tayari darasani. Vivyo hivyo kwa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002: nani alifyatua matofali, nani alichota mchanga mtoni, na chumba kipi kilijengwa kwa nguvu za wananchi.

Rejista ikiwa imeliwa na mchwa au imechukuliwa na maji, usikate tamaa. Tafuta vyeti vya darasa la saba vilivyohifadhiwa masandukuni, walimu wastaafu, na vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza vilivyoko katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Tembea pia na mzee hadi kwenye mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Miembe mikubwa iliyosimama pamoja mahali pasipo nyumba hukuonyesha palipokuwa na makazi.

Katika kuandika, wazee wakipingana, weka kauli zote mbili na useme nyaraka inaonyesha nini. Usitangaze majina ya watu walio hai kutoka kwenye kitabu cha adhabu, wala sababu zilizowatoa wasichana shuleni. Eleza jambo bila kumtaja mtu. Jihadhari zaidi na sentensi zinazohusu nani alifika kwanza, kwa sababu katika bonde lenye ardhi nzuri hivyo, aya moja inaweza kutumika kesho kama ushahidi kwenye baraza la ardhi. Andika “wazee wa ukoo huu wanaeleza kwamba”, wala usiandike kama hukumu.

Rasimu ikikamilika, omba nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji na uisome kwa sauti, polepole, ukiwa na kalamu mkononi, kwani wengi wa waliokusimulia hawatajisomea wenyewe. Wakisharekebisha, chapisha nakala tatu: moja ya ofisi ya mwalimu mkuu, moja ya ofisi ya kijiji, na ya tatu ipelekwe kwa afisa elimu kata, mbali na maji.