Makala ndefu ya Kiingereza isomwe kwenye karatasi

Anayejifunza Kiingereza akipata makala ndefu ya maelezo, ni afadhali aichapishe kuliko kuipitia kwenye skrini, kwa kuwa uchambuzi wa tafiti 54 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wasomaji kwa jumla huelewa maandishi ya aina hiyo vizuri zaidi kwenye karatasi, hasa muda unapobana. Kwa hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Kamusi ya simu ina raha yake, lakini ukibonyeza kila neno geni unapoteza mtiririko wa sentensi. Kwenye karatasi, pigia mstari neno kama "although", andika pembeni kwa penseli maana unayoikisia, maliza aya nzima, ndipo ufungue kamusi. Kisio likitoka kombo (yangu mengi hutoka hivyo), usilifute. Andika maana sahihi chini yake.