Jinsi ya kuokoka bila kusubiri msimu wa korosho uishe

Huku kwetu Masasi, Mtwara, ukimgusia mtu habari za kuokoka jibu ni lilelile, ngoja nimalize msimu kwanza, au ngoja niache uraka, hii pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, alafu nitakuja. Mimi mwenyewe nimesema ivo miaka, msimu unaisha unakuja mwingine, mabibo yanaiva, uraka unakamuliwa, na mimi nipo palepale. Kwaiyo cha kwanza kabisa acha kujitengeneza ili ndo uje. Mtu haogi kwanza alafu ndo aende mtoni. Yule mhalifu aliyesulubiwa pembeni ya Yesu, soma Luka 23, hakupata hata muda wa kubatizwa, aliomba tu akumbukwe na akaahidiwa kuwa peponi siku ileile.

Sasa tafuta pa kutulia, hata chini ya mkorosho panafaa, useme na Mungu kwa mdomo wako. Dhambi itaje kwa jina lake, usiseme nimekosea mambo mengi kama unasoma risala kwa mgeni rasmi. Kama ni wizi sema wizi, kama ni mke wa mtu sema ivoivo, anajua tayari.

Alafu kuamini, na hapa ndo wengi tunakwama mana tunasubiri tusikie kitu mwilini. Mimi nilinyoosha mkono kwenye mikutano ya injili mara tatu, mara zote nikilia sana, asubuhi machozi yamekauka naona basi haikunishika, narudi tena mkutano mwingine. Kumbe nilikuwa naamini machozi yangu. Fikiria stakabadhi ghalani tunavyouzia korosho, unapeleka magunia chama cha msingi cha wakulima, yanapimwa unapewa karatasi, pesa huioni mpaka mnada upite na benki iingize, lakini usiku unalala vizuri tu, na dukani unakopa. Imani iko ivo, umeshika neno la aliyeahidi, kwamba Yesu alikufa kwa dhambi zako na Mungu akamfufua. Ila mfano wangu unaishia hapo, mana korosho umezihangaikia mwenyewe, umepulizia salfa, umeokota, umeanika. Wokovu hukuulima. Waefeso 2:8-9 inasema ni kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu.

Maneno ya sala hayana fomula. Warumi 10:9 inataka ukiri kwa kinywa kwamba Yesu ni Bwana na uamini moyoni kwamba Mungu alimfufua. Unaweza kusema tu, Bwana Yesu mimi ni mwenye dhambi, naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka, nisamehe, kuanzia leo wewe ndo Bwana wangu. Imetosha. Na mtumishi yeyote akikuambia utoe kwanza sadaka ya kufunguliwa au ununue mafuta, nyanyuka uondoke, mana wengine wanajua kabisa wiki gani malipo ya korosho yanaingia.

Baada ya hapo mtafute mchungaji au padri, usikae peke yako. Habari ya ubatizo uliza kwenu, Waanglikana na Wakatoliki wanabatiza hata watoto wachanga, Wapentekoste wanasubiri mtu aamini ndo wamzamishe, mimi sitaki ugomvi huo hapa. Anza kusoma injili ya Yohana, sura moja kwa siku, hata kwenye simu.

Nyumbani sasa. Familia za huku zimechanganyika, baba Mwislamu, shangazi Mkatoliki, na mlokole mpya akiingia na makelele anaharibu kila kitu. Usimkaripie mzee wala kuziita sala zake ushetani. Mwamkie vizuri, mchotee maji kama zamani, akikuuliza umepatwa na nini mweleze kwa adabu.

Na kama ulikuwa unanunua kangomba, yaani korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya chama, bibi wa watu umemlalia bei wakati wa njaa, nenda kwake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakununua wokovu, Yesu alimwendea kwanza nyumbani kwake, ila mwenyewe alisimama akasema aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Wewe ukishindwa nne anza na hela yake halisi, na umwombe msamaha ukiwa umekaa chini kwenye mkeka wake, sio umesimama na pikipiki inaunguruma.