Mchicha umekua njano? Panda kunde kwanza

Mchicha ukikua njano mara nyingi umekosa naitrojeni, chakula cha majani. Mchanga wetu huku Mombasa, Likoni na Kisauni, ni mwepesi sana, masika ikipiga wiki moja tu ile mbolea uliyotia ishazama chini mizizi haiifikii tena, ndo mana nawaambia watu kabla hamjakimbilia duka la fataliza pandeni kunde.

Iko hivi. Hewa unayovuta sahizi, 78% yake ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia vile ilivyo. Kuna bakteria wanaitwa raizobia wanaishi mchangani, wanaingia kwenye mizizi ya kunde, pojo au mbaazi, inafanya vinundu, na humo ndani wanaigeuza hiyo hewa ikawa kitu mmea unaweza kula, kunde nayo inawapa sukari.

Lainisha tuta, tia samadi iliyooza kiasi tu, panda mvua zikianza. Yuria na CAN, zile mbolea za dukani za naitrojeni, weka mbali kabisa, kunde ikipata naitrojeni ya dukani haina haja ya hao bakteria, vinundu vinakua vichache. Na maji yasituame, hao bakteria wanataka hewa.

Zikianza kutoa maua chimbua mche mmoja kwa jembe, usiung'oe kwa mkono vinundu vitakatikia chini. Suuza mizizi alafu pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ukiona ndani pinki au wekundu kama ufizi, kazi inaenda. Cheupe bado hakijaanza, kijani kishachoka.

Basi hapo hapo zikate zote usawa wa mchanga, mizizi iache iozee humo humo, majani yafukie juu juu. Ukingoja mpaka uvune mbegu utapata kunde za kula, sawa, lakini naitrojeni nyingi itakua ishahamia kwenye mbegu. Yale majani yakioza inatoka amonia, bakteria wengine wanaigeuza naitraiti, wengine tena wanaifanya naitreti, na hiyo ndo mchicha unaivuta kwa wingi. Ngoja kama wiki tatu ndo upande.

Kitu kimoja jamani, makumbi ya nazi. Mimi nilishawahi kuyakatakata nikayafukia kwenye tuta, mchicha ukakaa njano mwezi mzima nikadhani ni ugonjwa, kumbe vijidudu wanaoozesha vitu vikavu vigumu vile wanaimaliza naitrojeni ya mchangani wao kwanza. Yatandaze juu tu yazuie jua, usiyachanganye na mchanga.