Kumkanda mgonjwa wa saratani: maswali kwanza, mafuta baadaye

Nina mteja mtaa wa Umoja, Nairobi, ambaye hunichokoza kila wiki: "Kanda kwa nguvu bwana, kwani hujala?" Namjibu, "Mama, leo ni kupaka tu." Ukitaka kazi hii, kwanza uuzuie mkono uliozoea mabega ya madereva.

1. Uliza. Kemo (dawa kali za kuua saratani) ya mwisho ilikuwa lini? Mionzi ilipigwa wapi? Tezi za kwapa zilitolewa? Ugonjwa umefika kwenye mifupa? Daktari wake ameruhusu? Omba kuona majibu ya damu. Chembe za kugandisha damu zikiwa chini ya 50,000, hata kidole gumba kinaweza kuacha damu chini ya ngozi. Hapo ni kugusa kwa kiganja tu, au kuahirisha. Wiki moja hadi mbili baada ya kemo, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, huwa zimeshuka. Ukiwa na mafua, usiende.

2. Tazama miguu yote miwili kabla ya kuishika. Siku moja Kayole niliona alama ya soksi imezama kwenye mguu mmoja, mwingine hauna kitu. Ule wenye alama ulikuwa na joto, na shavu la mguu lilimuuma. Nilifunga chupa yangu, tukaita teksi ya hospitali. Saratani huifanya damu igande kwa urahisi, na bonge likikandwa linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Mguu wa namna hiyo haukandwi kabisa.

3. Mafuta yasiwe na harufu. Nilipoanza nilibeba ya mchaichai, na shosho mmoja akatapika kabla sijafika kwenye kifundo. Siku hizi natumia ya alizeti. Palipopigwa mionzi usipake kitu.

4. Mlaze anavyoweza, mito chini ya magoti. Mwenye poti kifuani (kidude cha kupitishia dawa, kilichowekwa chini ya ngozi) asilalie tumbo. Kwenye baridi ya Julai yetu, nawa kwa maji moto ili mikono isimshtue.

5. Sasa kanda. Anzia miguuni au viganjani, kwa kiganja chote, taratibu, uzito ule wa kumpaka mtoto mchanga mafuta: ngozi isogee, nyama isisogee. Uvimbe, kidonda na poti uvipite mbali. Mifupa yenye ugonjwa usiikandamize, huvunjika kirahisi. Mkono wa upande uliotolewa tezi mwachie aliyesomea kukanda limfu (maji ya mwilini yanayopitia kwenye tezi). Dawa nyingine za kemo hutia nyayo ganzi, kwa hiyo mtu hatakuambia umebonyeza sana, mtazame usoni. Dakika 20 zinatosha.

Ndugu watakuuliza kama kukanda kunasambaza saratani. Mguso mwepesi hausambazi. Wala hauponyi, usije ukamwahidi mtu. Unapunguza wasiwasi, unaleta usingizi. Maumivu yasiyotulia ni ya kupelekwa kwa wanaoyajua, kama Nairobi Hospice, ambayo imekuwa ikihudumia wagonjwa hawa tangu 1990.

6. Akisinzia ukiwa kwenye mguu wa kwanza, usimwamshe ili umalizie wa pili. Mfunike, mwonyeshe dadake ulipoacha, ufunge mlango polepole. Pesa zitakuja kwa simu.