Kujiandaa kwa baridi ya usiku kambini nchini Uganda: mambo ya kuzingatia kabla ya safari

Kwa kuwa ikweta inapita nchini Uganda, wasafiri wengi hufungasha nguo za mchana wa Kampala wanapokwenda kupiga kambi, wakisahau kwamba baridi ya usiku huamuliwa zaidi na mwinuko wa mahali. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, Ziwa Bunyonyi liko karibu na mita 1,960, na kambi ya Mude Cave katika Mlima Elgon iko kwenye mita zipatazo 3,500. Kwa hesabu hiyo, usiku wenye nyuzi 17 Kampala unaweza kuwa na nyuzi 12 kando ya Bunyonyi na nyuzi 3 tu Mude Cave, kabla hata upepo na mvua havijaongeza yake. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu anayejiandaa liwe ni mita ngapi juu ya usawa wa bahari atakapolala, na jibu la swali hilo ndilo limwongoze katika kila anachokinunua au kukiazima.

Majira nayo yana nafasi yake. Kati ya Juni na Agosti mvua hupungua sehemu nyingi za kusini mwa nchi, na usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake haraka kuelekea angani, hivyo alfajiri huwa na baridi kali. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mawingu huhifadhi joto kidogo, lakini mvua huloanisha kila kitu. Mimi naiogopa zaidi baridi ya mvua, kwa sababu maji huondoa joto mwilini haraka zaidi, mara 25 hivi, kuliko hewa iliyotulia, na mtu aliyelowa anaweza kuzidiwa hata katika nyuzi 10.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kile utakacholalia. Watu hubeba mablanketi matatu ya kujifunika, wakalala juu ya turubai tupu, kisha wanashangaa mgongo unapokufa ganzi ilhali kifua kina joto. Blanketi au begi la kulalia huhifadhi joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Upande wa chini uzito wa mwili huikamua hewa hiyo, na joto lako huingia ardhini usiku kucha bila kizuizi. Tafuta mkeka wa sponji ngumu isiyonywa maji, au, usipoupata, maboksi yaliyofunuliwa na kupangwa tabaka mbili tatu juu ya turubai. Godoro la kawaida la kujazwa upepo ni laini lakini halizuii baridi, kwa kuwa hewa iliyomo huzunguka na kulipeleka joto chini. Anayelitumia atandike blanketi nene juu yake. Mwenye mablanketi matatu hatajuta akitandika mawili na kujifunika moja pamoja na koti lake.

Kwa begi la kulalia, soma lebo kwa makini. Mabegi mengi huandikwa viwango kadhaa vya joto, na kile cha chini kabisa hueleza tu nyuzi ambazo mtu anaweza kunusurika nazo, wala hakimhakikishii usingizi. Chagua kwa kiwango cha starehe, na kiwe chini ya baridi unayoitarajia kwa nyuzi chache.

Nguo hazihitaji kuwa za gharama. Masoko ya mitumba kama Owino jijini Kampala yana sweta za sufu na majaketi ya manyoya laini ya poliesta kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu, na vitambaa hivyo viwili huendelea kukinga baridi hata vikipata unyevu kidogo. Pamba, ambayo ndiyo fulana na jinzi zetu nyingi, hunywa jasho na maji, hukauka polepole, na ikilowa huupoza mwili. Vaa tabaka kadhaa zisizobana ili upunguze moja unapopanda kilima, maana jasho la mchana ndilo baridi ya jioni. Jozi moja ya soksi, suruali, fulana ya mikono mirefu na kofia ya sufu vifungwe ndani ya mfuko mnene wa plastiki na visiguswe hadi wakati wa kulala. Sheria hii naishikilia bila msamaha, hata kama nguo ulizovaa zinaonekana kavu.

Uganda jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Panga kufika kambini mapema, uweke hema mahali palipoinuka kidogo na penye kizuizi cha upepo, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kujaa mabondeni. Anayepiga kambi chini ya vilima vya Kabale huuona ukungu wa asubuhi ukiwa umelala huko huko bondeni. Badilisha nguo kabla hujaanza kuhisi baridi. Kula chakula cha kushiba, posho na maharagwe au karanga, kwani mwili huzalisha joto unapomeng'enya. Chemsha maji, uyatie kwenye chupa isiyovuja inayostahimili moto, uivishe soksi na kuiweka miguuni. Nenda haja kabla ya kulala, na uache dirisha la hema wazi kidogo ili mvuke wa pumzi usigeuke matone yanayoloanisha blanketi.

Usiingize sigiri ndani ya hema, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu bila moshi, hata kwa dakika chache, hata mlango ukiwa wazi. Makaa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haamki kuikimbia. Nawasihi viongozi wa vikundi vya vijana walieleze jambo hili waziwazi kabla ya kuondoka nyumbani, na usiku wakague wenyewe kila hema. Waragi, ile pombe kali, nayo hudanganya: huifungua mishipa iliyo karibu na ngozi, mtu akajisikia moto huku joto la ndani likitoroka.

Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima, hivyo wawekwe katikati na wakaguliwe mikono na miguu kabla ya kulala. Kila mmoja katika kundi ajue dalili za mwili kushindwa na baridi, hali inayoanza joto la ndani linaposhuka chini ya nyuzi 35: kutetemeka kusikozuilika, vidole kushindwa kufunga zipu, maneno kutotamkika vizuri, kujikwaa, na kuchanganyikiwa. Kutetemeka kukikoma ilhali mtu bado ni baridi na amelegea, hali imekuwa mbaya zaidi. Mvue nguo zenye maji, mvike kavu, mtenge na ardhi, mfunike pamoja na kichwa, na mpe chai yenye sukari ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza. Usimsugue viungo wala kumsogeza karibu na moto mkali. Mkiwa mlimani, mjulisheni mwongozaji wenu mara moja, ili mipango ya kumshusha mgonjwa ianze mapema.