Mekapu ya bei ndogo inayohimili joto la Mtwara

Mwezi wa kwanza huku Mikindani, bibi harusi napaka saa tisa alasiri na ukumbini anaingia usiku. Adui ni jasho.

Nawa kwa maji baridi, paka losheni nyepesi isiyo na mafuta, kisha kaa mbele ya feni mpaka ngozi iinyonye. Mafuta ya nazi waachie nywele. Usoni fandesheni itateleza tu. Fandesheni yenyewe kidogo, tone la punje ya mbaazi kwa kila shavu, ukiligongagonga kwa sponji yenye unyevu bila kusugua. Puani, juu ya mdomo na kwenye paji, weka nyembamba zaidi, kandamiza poda, subiri, ndipo ukung'ute inayobaki. Wengi huongeza fandesheni palepale panapovuja jasho, halafu wanalaumu poda.

Midomo: paka rangi, weka tishu juu yake, pitisha poda juu ya tishu, paka tena. Wanja wa penseli ufunike kwa rangi ya macho nyeusi ya unga, usishuke.

Hela weka kwenye fandesheni inayolingana na shingo yako. Seti kubwa za brashi ni mapambo ya meza. Krimu za kung'arisha zenye zebaki sizigusi hata za bure.

Ukitoka jasho kwenye bajaji, usifute. Kandamiza tishu, kisha poda kidogo. Sponji ioshe kwa sabuni ya kipande na uianike. Ikikaa mbichi kwenye pochi huota ukungu.