SOMO: Mwandiko unaosomeka, kuanzia awali mpaka la saba

Walimu wenzangu na wazazi habari za jioni, wengi mmeniuliza kuhusu mwandiko na lini mtoto aanze kuunganisha herufi. Lengo ni usomeke, urembo baadaye.

1. Awali. Penseli isiwe na haraka. Huku kwetu Dodoma mchanga upo wa kumwaga, watoke nje wachore kwa kidole mistari ya kusimama, ya kulala, duara na mawimbi.

2. Darasa la kwanza, hapa ndo kazi ilipo. Usifuate a b c d, fuata mkono unavyokwenda: c a d g o zinaanzia juu zinazunguka kushoto, n m r h b p unashuka halafu unapanda mulemule unakunja kulia, i t l u j ni za kushuka. Ukienda hivi kuchanganya b na d kunapungua maana d imezaliwa na c, b imezaliwa na mstari, macho yakisahau mkono unakumbuka. Na usikague daftari tu, simama umwone anavyoandika, herufi ikishakauka utajuaje kama aliianzia chini?

3. La pili: b h k l zipande, g j p y zishushe mikia chini ya mstari, neno na neno yaachane upana wa kidole. Daftari la mwandiko hakuna? Rula ipo.

4. La tatu na la nne, kuunganisha. Anza na zinazoshikana zenyewe: ai, mu, li, kisha ch, sh, ny kwa sababu Kiswahili hakipiti sentensi mbili bila hizo. Herufi o na w zinaungania juu, kwa hiyo wa, wo, oa zipe kipindi chao. Herufi ikigoma kuungana iache, hakuna kesi.

5. La tano kuendelea ni spidi tu, imla fupifupi. Akianza kuharibu, punguza mwendo.

MASWALI

Ticha wa Kongwa: Darasa limejaa mpaka mlangoni, nakaguaje?
Jibu: Herufi moja kwa kipindi. Wape mgongo uiandike hewani wakufuatishe, ukiwatazama wataiona kinyume. Halafu mstari mmoja tu, kila mtoto azungushie iliyo nzuri kuliko zote, wewe pita dawati kwa dawati.

Mama wa Nkuhungu: Wangu anatumia shoto, bibi yake anataka tumbadilishe.
Jibu: Shikamoo yake bibi, ila mwacheni mama. Daftari liinamie kulia, penseli aishike juu kidogo aone anachoandika, na kwenye dawati akae mwisho wa kushoto asigongane viwiko na mwenzake.

Mdau wa Mpwapwa: Yupo la sita, anaandika kama kuku kachakura, nimrudishe kuanza moja?
Jibu: Hapana mkuu. Tafuta herufi mbili tatu zinazoharibu, mara nyingi ni a isiyofungwa inasomeka u, na n inayofanana na r. Rekebisha hizo kwanza uone.